Nilikwenda Kutafuta Walioacha Pombe, Nikaingia Kwaya

Nyie vijana mnaoendesha fokolifti kule Kurasini mmenitumia ujumbe mara tatu mkitaka niwaandikie mambo ya kazi. Mnataka kujua tulikuwaga tunapangaje mizigo kabla ya mashine hizi mpya zinazopiga kelele zenyewe ukikosea, na mie nilikaaje miaka ishirini na sita kwenye kiti kile bila mgongo kuharibika. Haya. Mgongo ni mto mdogo, unaukunja unauweka kiunoni, basi. Mzigo ukikuziba macho, endesha kinyumenyume, na geuza shingo, usitegemee vioo. Ukiegesha, shusha meno ya mashine mpaka yaguse chini. Ukishuka, usiruke. Shuka polepole kama unashuka ngazi nyumbani kwa wakwe.

Mengine mtafundishwa na mashine yenyewe. Ninalotaka kuwaandikia hasa ni jambo ambalo hamkuniuliza, na najua wapo kati yenu wanaolihitaji na hawataniuliza hata tukikutana msibani. Ni namna ya kuutafuta mkutano wa watu walioacha pombe, kuupata, na kuendelea kwenda. Mie ilinichukua miezi na vituko vingi. Nyie mnaweza kumaliza kwa Jumamosi moja.

Nilikuwa nakunywa kazini. Nisiwadanganye kwamba ilikuwa jioni na marafiki. Saa tatu asubuhi nilikuwa nimeshapiga chupa ndogo nyuma ya makontena, kisha natafuna karafuu ili harufu ipotee. Nilijiona mjanja kweli. Miaka mingi baadaye ndipo nikagundua yadi nzima ilikuwa ikiniita Karafuu, kuanzia mlinzi wa getini mpaka madereva wa malori ya Zambia. Kuna dereva alikuwa akifika anauliza, "Karafuu yupo leo, au nirudi kesho?" Mie nikadhani anaulizia mzigo.

Siku iliyonishtua ilikuwa ya kawaida kabisa, saa nne asubuhi, jua kali, malori yamejipanga. Getini palikuwa na kibanda cha mabati cha Bi Asha, karani aliyehakiki mizigo inayotoka. Bi Asha ni mama wa Kimakonde kutoka Mtwara, sauti yake ilikuwa inasikika juu ya injini. Humo kibandani alikuwa na kiti cha mninga alichochongewa na kaka yake, na kila siku muda huo alikikalia akinywa uji. Mie nilikuwa narudi nyuma na mzigo wa vigae. Mguu ukatafuta breki, ukakuta pedali ya mafuta. Nikaingia na kibanda chote.

Mabati yalianguka kwa kishindo hadi kunguru waliokuwa juu ya ukuta wakaruka. Nilibaki nimekaa pale juu, mikono kwenye usukani, nikijua nimemuua Bi Asha. Sikuweza kushuka. Watu wanakimbia, wanapiga kelele, wanainua mabati, na mie nawatazama tu.

Kisha nikamwona anatokea upande wa jiko la yadi, kikombe cha uji mkono huu, kopo la sukari mkono huu. Akasimama akatazama kibanda chake. Nilisubiri ile sauti. Haikuja. Aliweka kikombe chini, akainama, akaokota mguu mmoja wa kile kiti, akapanda kidaraja cha mashine na kuuweka mapajani pangu.

"Haule," akasema taratibu, "uji wa leo ulikosa sukari. Ungekuwa mtamu, ningekuwa nimekaa."

Halafu akashuka.

Msimamizi wa yadi alinishusha kwenye mashine siku hiyohiyo. Alikuwa mtu mwema kuliko nilivyostahili, maana hakunifukuza. Akanipa ufagio. "Fagia yadi mpaka ujipange. Ukishindwa kujipanga, hata ufagio nitakunyang'anya." Opareta wa miaka mingi, nafagia vumbi, na madereva wa malori wananipita wakipiga honi.

Wiki moja baadaye Bi Asha alinifuata nikifagia. Sasa sauti ilikuwa imerudi, nusu ya Kurasini ilisikia.

"We Haule! Kaka yangu Athumani alikuwa mlevi kukuzidi wewe mara mbili. Alikuwa anachonga vinyago vina macho matatu kwa ulevi. Sasa hivi ana miaka minne hajagusa. Wana mkutano wao Temeke, Jumamosi saa nne asubuhi, ukumbi mdogo nyuma ya kanisa, mlango wa bluu. Nenda!"

"Bi Asha, punguza sauti."

"Ulipoingia na kibanda changu ulipunguza sauti?"

Basi, Jumamosi nikaoga, nikavaa shati la kwenda misa, nikamwambia mke wangu nimepata kazi ya ziada. Hapo palikuwa na kosa la kwanza, nitalieleza mbele. Kosa la pili lilikuwa aibu ya kuuliza. Nilipofika nyuma ya kanisa nikakuta milango miwili ya bluu. Ungekuwa wewe ungeuliza, "Samahani, mkutano wa walioacha pombe uko wapi?" Mie ulimi ukawa mzito. Nikamwuliza mama aliyekuwa akifagia, "Wale wanaokutana Jumamosi?" Akanionyesha mlango wa kwanza.

Nikaingia. Watu kama thelathini, wamesimama kwa makundi, wananukia sabuni, wana nyuso za furaha. Nikajiambia, kumbe watu wakiacha pombe wanapendeza hivi! Mzee mmoja mwenye miwani akaja mbio akanishika mkono.

"Karibu, karibu sana! Tumekuwa tukiomba tupate mtu kama wewe. Wewe ya ngapi?"

Nikadhani ananiuliza nimekuja mara ya ngapi. Nikamjibu kwa unyenyekevu, "Ya kwanza."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mie sikuelewa, nikacheka nao. Kisha nikaona nisipojikaza sasa sitajikaza tena, nikasogea mbele, nikafumba macho na kusema kwa nguvu, "Mimi naitwa Haule. Mimi ni mlevi. Nimechoka."

Nilipofumbua macho nikaona kila mtu ameshika karatasi za nyimbo.

Yule mzee alikuwa mwalimu wa kwaya. Aliponiuliza ya ngapi alikuwa ananiuliza sauti ya ngapi, na sauti ya kwanza, kama hamjui, ni ya kina mama. Hakunicheka tena. Akanishika bega, akasema, "Ndugu yangu, unaowatafuta wako mlango wa pili. Lakini kwa kishindo hicho wewe ni sauti ya nne, na sauti ya nne tuna wawili tu. Huko ukimaliza, urudi."

Nilitoka pale uso unawaka. Mlango wa pili ulikuwa hatua kumi tu kutoka nilipokuwa. Nikaupita. Nikaenda moja kwa moja grosari. Nawaambia hili kwa sababu kuna watakaowaambia kwamba mtu akishaamua, ameamua. Mie niliamua, nikaoga, nikavaa, nikakiri mbele ya watu thelathini, na saa tano nilikuwa nimekaa na chupa.

Wiki iliyofuata nikajidai mjanja zaidi. Nilisikia kuna kikundi kingine Boko. Nikaona bora huko mbali, hakuna atakayenijua. Nikasafiri asubuhi nzima, nikafika kwenye ukumbi nilioelekezwa, nikakuta cherehani kumi na mbili na mabinti wanajifunza kushona. Mwalimu wao akaniambia kile kikundi kilikuwa kimeshahama, hajui kilikohamia. Akaniona nilivyolegea akaniuliza nimetoka wapi. "Temeke," nikasema.

"Temeke? Mzee, mbona Temeke wapo? Nyuma ya kanisa, mlango wa bluu!"

Kwa hiyo shikeni hili: vikundi vinahama, siku zinabadilika. Piga simu kwanza. Huna namba, uliza zahanati, uliza ofisi ya ustawi wa jamii, uliza kanisani au msikitini, hata kama si mtu wa kuonekana sana huko. Na uliza kwa jina lake. Sema "pombe". Ukisema "wale wa Jumamosi" utaimbishwa.

Jumamosi ya tatu nikaingia mlango wa pili. Palikuwa na watu wanane, chupa kubwa ya chai, sahani ya mihogo ya kuchemsha, na viti vya plastiki bado vimerundikana ukutani. Mwalimu mstaafu, dada muuza vitenge, fundi magari, na wengine ambao sitawaeleza, maana yanayosemwa mle yanabaki mle. Mzee Athumani ninamtaja kwa sababu aliniruhusu mwenyewe kabla hajarudi kwao Mtwara. Alikuwa mfupi, mikono mikubwa yenye makovu ya patasi. Akanitazama kuanzia viatu hadi kichwa.

"Wewe ndiye uliyevunja kiti changu?"

"Shikamoo, mzee. Ndiye mimi."

"Marahaba. Kile kiti nilikichonga wiki tatu. Panga hivi viti vya plastiki, vyote, duara. Tutaanza hapo."

Mwanzoni nilidhani ananiadhibu. Baadaye nikamwona anavyowafanyia wageni wote. Mtu anayefika mara ya kwanza hajui mikono yake aiweke wapi, macho yake ayaweke wapi. Mpe viti apange. Akimaliza, ameshakuwa wa nyumbani.

Siku ile sikusema neno. Hawakunilazimisha. Dada wa vitenge alisimulia jinsi alivyomuuzia mteja mmoja kitenge kilekile mara mbili kwa ulevi, na mteja naye alikuwa amelewa akanunua. Tulicheka mpaka fundi magari akamwaga chai. Nikashangaa. Nilidhani nitakuta watu wanalia, kumbe na kucheka wanacheka hivi! Kulia nako kulikuwepo, sitawaficha, ila siku ile ya kwanza naikumbuka kwa kicheko kile.

Mwisho wa mkutano nikajaribu kushika kikombe, mkono ukatetemeka, chai yote ikaishia kwenye suruali. Mzee Athumani akaniuliza nimekunywa lini mara ya mwisho. Nikamwambia kwa kujivuna, juzi, nimeacha ghafla, kiume. Hakunipongeza. Alinichukua moja kwa moja zahanati. Daktari, binti mdogo tu kwa umri, alinikaripia vizuri: mtu anayekunywa kila siku miaka mingi asikate ghafla peke yake bila kuonana na daktari, mwili unaweza kumgeukia vibaya, hata akafa. Kwa hiyo nyie mnaotaka kuonyesha uanaume, onyesheni kwenye foleni ya zahanati.

Baada ya hapo nikawa mtu wa Jumamosi. Mzee Athumani alinifundisha vitu vidogovidogo, kama opareta anavyomfundisha mgeni. Usije na njaa, njaa ni rafiki wa chupa. Badilisha njia ya kurudia nyumbani. Njia yangu ilikuwa na grosari tatu, nikawa nazunguka, nafika nimechelewa lakini nafika. Weka namba za watu watatu kwenye simu, na uzipige siku ambazo huna shida ili siku yenye shida usione haya. Na usiahidi mwaka. "Ahidi mpaka chakula cha mchana," alikuwa akiniambia. "Ukishakula, tutaongea."

Sasa turudi kwenye kosa la kwanza, mke wangu Sabina. Nilimwambia ni kazi ya ziada. Fikirini alichokiona yeye. Mume ambaye alikuwa akirudi anayumba, sasa kila Jumamosi anaoga vizuri, anapiga pasi shati mwenyewe, anaondoka akipiga mluzi, anarudi mchana ananukia chai, anacheka. Mwanamke yeyote mwenye akili angefikiria nini?

Jumamosi ya sita au ya saba, tupo kwenye duara, mlango ukafunguliwa kwa nguvu. Sabina kasimama, kanga kaikaza kiunoni, viatu kavua kashika mkononi.

"Yuko wapi huyo mwanamke?"

Dada wa vitenge alikuwa amekaa pembeni yangu. Akainua mikono juu kama kakamatwa na polisi. "Mama, mie hapana! Mie ni mlevi tu!"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mzee Athumani akanyanyuka, akavuta kiti, akampangusia vumbi kwa kiganja. "Karibu, mama. Hapa sote ni walevi. Mumeo ni mmoja wetu. Kaa unywe chai."

Sabina alinitazama. Akatazama chupa ya chai, mihogo, yule mwalimu mstaafu na miwani yake. Viatu vikashuka polepole.

"Baba Tumaini," akasema, "kumbe ndiko unakokuja?"

"Ndiko, Mama Tumaini."

"Kwa nini hukuniambia?"

Nikatafuta uongo mzuri, sikuwa nao. "Nilikuwa naogopa nikishindwa utajua."

Akakaa. Alikunywa kikombe kizima. Kisha akawaambia wale watu, siyo mie, kwamba kwa miaka kumi na nne amekuwa akinisikiliza nikija uchochoroni. Kwa mlio wa viatu vyangu alikuwa anajua leo amhamishe mtoto chumba kingine, au leo apakue chakula. "Wiki hizi," akasema, "nikisikiliza, sijui. Viatu vinalia vizuri, na mie nimesahau vikilia vizuri mtu anafanya nini. Nimekuwa nasimama tu jikoni."

Nilikuwa nimekaa naye nyumba moja miaka yote ile. Sikuwa nimewahi kujua kwamba miguu yangu ilikuwa inasikilizwa. Nililia siku ile, nyie vijana, mbele ya fundi magari na kila mtu. Sabina akanipa ncha ya kanga nijifute. Tukarudi nyumbani pamoja, kwa ile njia ndefu.

Sikunyooka moja kwa moja. Miezi kadhaa mbele nilikwenda kwenye harusi ya mpwa wangu, nikajiambia moja tu ya kumpongeza bwana harusi. Nilipongeza siku tatu. Jumamosi nilijikokota Temeke nikijua watanifukuza. Mzee Athumani alikuwa mlangoni. "Umechelewa," akasema. "Viti havijapangwa." Basi. Nikapanga viti.

Yadini nako, ufagio niliushika karibu mwaka. Siku msimamizi aliponirudishia ufunguo wa fokolifti, yadi nzima ilisimama kutazama. Bi Asha alikuwa ameshajengewa kibanda kipya, na kaka yake alishamchongea kiti kingine. Mie nikapakia vigae. Naye akatoa kile kiti nje, akakiweka pale nilipotakiwa kurudi nyuma, akakaa, akaanza kunywa uji wake taratibu. Hakunitazama hata mara moja. Nilirudi nyuma, shingo imegeuka, jasho linatiririka, nikasimama mita tatu kutoka kwake.

"Unaziba kivuli changu, Haule," akasema. "Sogea."

Niliendesha miaka tisa mingine mpaka kustaafu. Sijakwaruza hata ndoo.

Siku hizi mambo ni rahisi. Kuna makundi ya simu, mtu anakutumia ramani mpaka mlangoni. Ila bado nasema, nenda kwa miguu yako ukae na watu. Simu haikupi viti upange.

Mwaka huu wenzangu waliniomba nifungue kikundi kipya Mbezi Luis, karibu na stendi kubwa, kwa ajili ya madereva, makondakta na wakata tiketi. Tukaazimwa chumba chenye dirisha linalotazama njia. Nikabandika karatasi mlangoni. Jumamosi ya kwanza nikapanga viti kumi, nikaweka chupa ya chai, nikasubiri saa mbili nzima. Hakuja mtu. Ya pili, hakuja mtu. Ya tatu nikaanza kujisemea kwamba uzee umenidanganya. Sabina akaniambia, "Kwani wewe ulikuja siku ya kwanza?"

Jumamosi ya nne akasukuma mlango dada mmoja, umri wa mwanangu, fulana ya kampuni ya mabasi, kitabu cha tiketi mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mie sina ishu na pombe," akasema akiwa bado mlangoni. "Nakuonaga tu dirishani kila Jumamosi, umekaa peke yako na chupa ya chai na viti vyote hivi. Leo nimekuonea huruma. Nimekuja kukupa kampani."

"Umefanya vizuri," nikamwambia. "Kweli nilihitaji mtu."

Nikammiminia. Kikombe cha kwanza alikimaliza akinisimulia abiria wake wasumbufu, yule wa Singida aliyetaka kuwakatia kuku wake siti ya dirishani. Tukacheka sana. Tukafika katikati ya kikombe cha pili. Alikishika kwa mikono yote miwili.

"Baba," akasema, bila kunitazama, "leo tangu niamke sijanywa. Na ni saa nne na nusu."

Nikaangalia saa yangu.

"Ni saa tano kasorobo," nikamwambia. "Umeshaongeza dakika kumi na tano."